Mtume, Mtumwa, Umutumwa

Katika Kibemba, lugha ya soko na ya ibada mjini Nchelenge, mtume wa Yesu huitwa umutumwa. Paulo ni umutumwa, Petro ni umutumwa, na wote kumi na wawili ni abatumwa. Panda boti uvuke Ziwa Mweru hadi ng'ambo ya Kongo, kwenye Kiswahili cha Katanga, na neno hilo hilo, likivuliwa irabu yake ya mbele, linamtaja mtu aliyenunuliwa. Kwa mtu wa namna hiyo Kibemba kina neno lingine kabisa, umusha. Basi kati ya kingo mbili za ziwa moja, neno moja limepandishwa madhabahuni upande huu na kufungwa mnyororo upande ule. Kwa yeyote anayehisi kwamba Mungu anamtaka aende kuhubiri nchi ya mbali, naona hakuna maneno yanayostahili kutafakariwa kabla ya hayo.

Wanaohisi hivyo wapo. Zambia ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo mwaka 1991, na katika mkoa wa Luapula makanisa ni mengi na yana historia ndefu. Kijana aliyekulia kwenye kwaya ya Kashikishi, anayejua ratiba ya ibada kama ajuavyo majira ya samaki, siku moja anaweza kumwendea mchungaji wake na kusema: nahisi naitwa Papua. Mwingine atataja Haiti, mwingine Madagaska. Sentensi ni fupi, lakini ndani yake mna mambo ambayo Kiswahili hakikubali kuyaweka pamoja bila kuuliza maswali. Nataka kuyauliza maswali hayo kwa niaba ya lugha.

Kiswahili kina haki ya kusema Nchelenge, ingawa si lugha ya wenyeji. Kilifika na misafara ya pembe za ndovu na ya watu. Mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Watabwa katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Tarehe 8 Novemba mwaka huo huo David Livingstone aliliona Ziwa Mweru, akiwa ameandamana njiani na wafanyabiashara wa pwani. Leo Kiswahili kinakuja kwa njia nyingine. Kinakuja na wachuuzi wa kutoka Kilwa ya Kongo na Pweto, na tangu 2017 kimekuja na familia zilizokimbia vita vya Katanga, ambazo zilipokelewa wilayani Nchelenge na kupewa makazi Mantapala kuanzia 2018. Lugha iliyoingia kwa bunduki sasa inaingia na akina mama waliobeba watoto mgongoni. Mtoto wa Mantapala anayesoma shuleni kwa Kibemba na kusali nyumbani kwa Kiswahili analo lile neno langu katika maana zake zote mbili, na hakuna aliyemweleza.

Mzizi ni -tuma. Wabantu wengi wanao, na kazi yake ya kwanza ni ya nyumbani: mzazi humtuma mtoto sokoni, mkubwa humtuma mdogo maji. Kiswahili kimeupanua ukoo huo kwa ukarimu. Tuna kutumia na matumizi, kutumika na kutumikia, kutumikisha ambako kuna harufu ya dhuluma, mtumishi na utumishi, na tume, ile ya uchaguzi na ile ya uchunguzi, ambayo si kitu ila watu waliotumwa pamoja kwa jambo moja. Humo ndimo walimozaliwa mtume na mtumwa.

Ukiwatazama kwa umbo, hawa wawili ni pacha. Kiambishi -e cha mwishoni katika Kiswahili cha kale kilikuwa na maana ya kutendwa: mteule ni aliyeteuliwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mshinde ni aliyeshindwa. Mtume, basi, ni aliyetumwa. Mtumwa naye, kwa -w- yake ya kutendwa, ni aliyetumwa. Sarufi haina namna ya kuwatenganisha. Ushairi wa kale wa pwani haukujaribu hata kuwatenganisha, kwa maana watunzi wa tenzi walimtaja Muhammad kwa jina la Tumwa, na waliosikia hawakuona kasoro, walisikia heshima. Hadi leo pwani wapo watu wanaoitwa Mtumwa, na wazazi waliowapa jina hilo hawakukusudia kuwadhalilisha. Kwa hiyo Kibemba hakikukosea wala hakikutengeneza jambo geni kilipowaita mitume abatumwa. Kiliendelea kutembea kwenye njia ambayo Kiswahili kilikuwa kimeipita, kisha biashara ya watu ikaiharibu.

Maana kilichowatenganisha pacha wale ni historia. Mtumwa alitumwa bila kuulizwa, na hakupewa neno la kufikisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyefikishwa. Mtume hubeba ujumbe, mtumwa hubebeshwa mzigo. Hata hivyo Biblia ya Kiswahili haikuogopa kuwakutanisha. Katika Tafsiri ya Muungano iliyokamilika mwaka 1952, aya ya kwanza kabisa ya Waraka kwa Warumi inamtambulisha Paulo kwa maneno matatu yaliyofuatana: ni mtumwa, ameitwa, ni mtume. Wahubiri wengi siku hizi huona afadhali kusema mtumishi, na makanisani watu husalimiana hivyo, "Mtumishi, Bwana asifiwe." Naelewa huruma iliyomo katika badiliko hilo. Lakini mtumishi ana mkataba, ana likizo na ana siku ya kustaafu. Anayetaka kwenda kisiwa cha mbali na akaitwa mtumishi anaweza kudhani anakwenda kazini. Aya ile, kwa ukali wake, inamwambia kwamba hawezi kuwa mtume pasipo kwanza kuachilia umiliki wa nafsi yake, na kwamba tofauti kati ya utume na utumwa haiko katika ugumu wa safari. Iko katika kujua nani amekutuma, na kama ulipoulizwa ulijibu.

Hapo ndipo linapoingia neno la pili, wito. Wahenga walituachia kanuni yake: usikatae wito, kataa neno. Ukiitwa na mwenzio, nenda ukamsikilize, kisha utaamua kuhusu alilokuitia. Methali hii inatenga mambo mawili ambayo mtu mwenye shauku huyachanganya. Wito ni wa kumfikia mwitaji. Neno ni lile atakalokuambia ukishafika. Anayeitwa husogea karibu, na anayetumwa huondoka. Kwa Kiswahili hakuna mtu anayeitwa kwenda mbali na yule anayemwita.

Zaidi ya hapo, sikiliza tena ile sentensi ya kijana wa Kashikishi: naitwa Papua. Mswahili asiye na habari atadhani kijana anataja jina lake. Kitenzi -itwa kinabeba vyote viwili, kupaziwa sauti na kupewa jina, na kikifuatwa na jina la mahali kinaelemea kwenye maana ya pili. Mimi naona lugha hapa inamlinda mwumini. Inamlazimu aivunje sentensi yake vipande viwili na kukikamilisha kila kimoja: ninaitwa na Mungu, ninatumwa Papua na fulani. Kipande cha kwanza kina mwitaji lakini hakina ramani. Kipande cha pili kina ramani, na kinadai mtumaji ambaye watu wanaweza kumwona na kumhoji. Anayebaki na sentensi moja tu, yenye wito na kisiwa lakini isiyo na mtumaji, huwa amejipa mwenyewe mamlaka ambayo hakuna aliyempa.

Wito nao hudai kuitikiwa. Kuitika ni kutoa sauti: naam, labeka, bee, kila mtu kwa adabu ya kwao. Kuitikia ni kujibu kwa pamoja, na kiitikio ni sehemu ya wimbo inayoimbwa na wote. Wakatoliki wa Afrika Mashariki husema miito kwa wingi, na tangu 1964 Kanisa lao limekuwa na siku maalumu ya kuiombea. Wingi huo una maana kubwa. Unakumbusha kwamba anayebaki Nchelenge kuvua na kulea naye ameitwa, na kwamba kuitika kwake si kudogo kwa sababu hakuvuka bahari.

Ukanda huu wa Mweru na Luapula umeshuhudia namna mbili za kutumwa, zote zikitoka katika nchi ya kisiwa cha mbali, kwa maana Uingereza ikitazamwa kutoka Nchelenge ni kisiwa kama visiwa vingine. Dan Crawford, Mskoti wa Gourock, alikuja Afrika mwaka 1889 akiwa pamoja na Frederick Stanley Arnot, na mwaka 1890 akaingia Katanga. Baada ya mfalme Msiri wa Bunkeya kuuawa Desemba 1891 na mji wake kutawanyika, Crawford alisogea ziwani, na katikati ya miaka ya 1890 akaanzisha misheni ya Luanza kwenye ukingo wa Kongo. Alikaa huko mpaka alipofariki mwaka 1926. Yeye alikuwa wa Ndugu wa Plymouth, ambao hawakuwa na bodi ya kuwaajiri wala mshahara. Kusanyiko la nyumbani lilimjua mtu, likamwombea na kumwachilia aende, basi. Upande wa pili, Jumuiya ya Kimisionari ya London ilianzisha kituo cha Mbereshi mwaka 1900, katika bonde la Luapula karibu na mji wa Mwata Kazembe. Huko mambo yalikuwa na kamati: London ndiyo iliyoamua nani aende, wapi, na kwa fedha gani. Mabel Shaw, aliyefika Mbereshi mwaka 1915 na kuanzisha shule ya wasichana, alikuwa mtu wa jumuiya hiyo.

Namna hizo mbili zinatofautiana sana, lakini zote zina mtumaji anayeweza kutajwa. Na katika zote mbili jambo la mwisho lilibaki mikononi mwa wenyeji. Wakimbizi wa Bunkeya waliokusanyika Luanza walimpa Crawford jina lao, Konga Vantu, mkusanya watu; sikio la Mswahili litasikia humo kongamano. Joseph Dupont wa Mapadri Weupe, upande wa Wabemba, aliitwa Moto Moto. Hivyo -itwa inarudi na maana yake nyingine. Aliyeitwa na Mungu huitwa tena na watu aliotumwa kwao, na jina wanalompa ni hukumu yao juu ya utume wake. Hawezi kulichagua, na ofisi iliyomtuma haiwezi kulifuta.

Jumuiya ile ya London ilipoanza mwaka 1795, macho yake yalikuwa kwenye visiwa. Watu wake wa kwanza walishuka Tahiti Machi 1797. Madagaska walifika mwaka 1818. Mbereshi ilikuja zaidi ya karne moja baada ya Tahiti, lakini katika hesabu ya watumaji ilikuwa sehemu ya kazi ile ile: Tahiti, Madagaska, Luapula. Kijana wa Nchelenge anayekiota kisiwa cha Pasifiki hajaruka kwenda kwenye hadithi isiyomhusu. Yumo ndani ya mstari mmoja na visiwa hivyo tangu siku ya babu wa babu yake.

Na katika visiwa hivyo kuna fundisho la istilahi ambalo linatugusa moja kwa moja. Injili ilienezwa Pasifiki kwa sehemu kubwa na wanavisiwa wenyewe. Watu wa Rarotonga na wa visiwa vya jirani walitumwa kwenye visiwa ambavyo lugha na homa zake hawakuzijua, na kuanzia miaka ya 1870 walifikishwa ukanda wa Papua, ambako wengi walikufa kwa malaria. Walivuka bahari, wakajifunza lugha, wakazika watoto wao ugenini. Lakini katika vitabu vya jumuiya waliandikwa walimu. Neno mmisionari liliwekwa akiba kwa ajili ya Mzungu.

Kiswahili kilirithi akiba hiyo. Sisi tuna katekista, mwinjilisti, mwalimu wa dini, na tuna mmisionari. Na ukimwambia mtu wa kwetu afumbe macho amwone mmisionari, ataona ndevu nyekundu na kofia ya jua. Hata misheni si kitendo tena, ni mahali: ni majengo ya matofali, zahanati na mwembe. Kwa maana hiyo mtu hutumwa kutoka misheni akaenda kijijini, na hakuna anayeiona kazi yake yeye kuwa ndiyo misheni. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Mboga, upande wa Kongo, mwaka 1896, akaifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1933. Kama kuvuka mpaka na kukaa na watu wengine hadi kufa ndiko kunakomfanya mtu mmisionari, yeye anastahili neno hilo bila kuongezewa kivumishi. Mwaka 1968 huko Moroto, Uganda, shirika la kimisionari la Waafrika lilipoanzishwa, liliitwa Mitume wa Yesu. Hilo lilikuwa jina sahihi. Lilikwepa neno lililokwisha kujaa sura ya mtu mwingine, likaurudia mzizi wetu.

Kuna vitenzi viwili vya kujirejea ambavyo vinakamilisha hoja yangu. Kujiita ni aibu. Anayejiita nabii, anayejiita daktari, sote tunajua anachosemewa. Kujituma ni sifa. Mfanyakazi anayejituma ni yule asiyengoja kusukumwa. Kiswahili hakikugawa hivyo kwa bahati, kwa maana kujipa cheo ni wizi, lakini kujipa kazi ni ukarimu. Mtu hawezi kujiita, na akishaitwa hawezi kungoja kila siku asukumwe.

Mfano mkuu wa kujituma ninaoujua ulitokea mwaka 1873. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, ambalo maji yake hushuka kwa mto Luapula hadi Mweru. Waliokuwa naye walikuwa huru kumzika hapo na kutawanyika. Hakuna ofisi iliyowaagiza. James Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa mwaka 1861, na Jacob Wainwright alikuwa amekombolewa na kusomeshwa Nasik, India. Pamoja na Abdullah Susi na wenzao waliuzika moyo wa Livingstone chini ya mti, Wainwright akasoma ibada ya maziko, kisha wakaubeba mwili kwa zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Watu ambao wawili wao walikuwa wamewahi kuwa mali ya watu walifanya kazi ambayo hakuna bwana angeweza kuiamuru. Mbao za mti ule wa Chitambo zilichongwa msalaba, na msalaba huo umo katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa.

Zanzibar hiyo hiyo ndiyo iliyomtoa Cecil Majaliwa, mtumwa aliyeachwa huru, akasoma katika chuo cha Kiungani, na mwaka 1890 akapewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni yake. Alifanya kazi bara, miongoni mwa Wayao. Jina lake ni istilahi kamili: majaliwa ni yale ambayo mtu amejaliwa na Mungu, si yale aliyojitwalia. Kwa mtu huyo mmoja mtumwa na mtume walirudi kuwa mtu yule yule, na safari hii hakuna aliyetahayari.

Basi kijana wa Kashikishi ajibiwe nini? Asikatishwe tamaa. Visiwa vya mbali vina watu, na watu hao wana haki ya kupokea wageni kutoka Mweru kama Mweru ilivyopokea wageni kutoka Gourock na London. Lakini ahojiwe kwa vitenzi. Umeitwa na nani, na ulipofika mbele yake ulisikia neno gani? Umetumwa na nani: ni kusanyiko gani litakalokutaja kwa jina wakati wa maombi, litakalokuuliza hesabu, litakalokuzika ukifa? Unakwenda kumtumikia nani? Maana kutumikia hakukamiliki bila mtendewa, na mtendewa huyo ana lugha ambayo lazima uanze kuijifunza ukiwa bado huku. Tena, je, utakubali kuitwa upya na wenyeji, hata kama jina watakalokupa halikupendezi? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo humpima mgeni kwa kupona kwa mwenyeji, wala haitaji furaha ya mgeni.

Kwa waandishi na wahubiri wetu ninalo ombi moja. Tuache kusema fulani ana wito wa kwenda mahali fulani. Tuseme fulani ameitwa, kanisa lake limemtuma, naye amekwenda kutumikia watu wa mahali hapo. Ni maneno mengi zaidi, lakini kila mhusika anapata kitenzi chake, na hakuna anayeweza kujificha nyuma ya mwenzake. Nao Wabemba watukumbushe kila tunapovuka ziwa kwamba mtumwa lilikuwa neno la heshima kabla biashara haijalichafua. Anayetumwa na Mungu, na kanisa lililo hai, kwa watu waliokubali kumpokea, anaweza kulivaa neno hilo bila aibu kwa upande wowote wa Mweru.